Ukungu wa Chumba cha Mashini

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Kazi nimeipata! Nguo za harusi ya Hidaya nitazishona mimi. Zote! Mishono thelathini na mbili, kitenge kimoja, kijani chenye matawi ya njano — mashangazi, mama wadogo, dada, marafiki, wote wavae sawasawa. Harusi ni Jumamosi tarehe 30. Leo saa nne Hidaya mwenyewe amekuja na vifurushi viwili, ameviweka juu ya meza yangu, akasema baba yake amekubali. Baba yake ni Muzee Atumani. Na Muzee Atumani ndiye mwenye nyumba hii ninayopanga. Nikimuharibia nguo, nitalala wapi? Lakini siharibu. Mikono hii inajua inachofanya.

Miaka miwili niko Kasongo. Nilitoka Lusangi juu ya pikipiki ya mume wangu Musafiri, muke na mume na mashini ya muguu imefungwa nyuma, tulianguka mara mbili, mashini haikuvunjika hata msumari. Miaka miwili ninatia viraka suruali na kufupisha yunifomu za shule. Sasa ukishona harusi ya familia ya zamani ya muji huu, watu wote wanaiona kazi yako siku moja. Kuanzia hapo wao ndio wanakutafuta. Na ikiharibika, wanaiona siku moja vilevile.

Vitenge nimevipanga kwenye rafu ya chumba cha nyuma, chumba cha mashini. Kinanuka kidogo. Ni mvua tu. Kesho ninaanza kukata.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekata kumi na moja. Shangazi mukubwa wa Hidaya nimemupima kifua mara mbili, sikuiamini sentimeta yangu ya kupimia. Akacheka, akasema niandike tu, unene huo ni wali wa Kasongo.

Lakini nilipovuta meza nipate nafasi — ukungu! Chini ya ukuta wa nyuma, madoa meusi kutoka sakafuni mpaka juu ya goti, na katikati yameota manyoya meupe. Nimegusa, kidole kimetoka na maji. Nimechukua javeli ya kung'arishia nguo na brosi, nimesugua mpaka machozi yakanitoka. Umetoka wote. Sakafu nayo nimeipiga deki.

Nimeenda kumuambia Muzee Atumani. Siyo mbali, ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wa ua wake. Alikuwa anageuza mupunga kwenye turubai, hakuinua kichwa. Akasema Novemba hakuna nyumba Kasongo isiyo na imidite, yaani unyevu. Nifungue dirisha, hewa ipite.

Dirisha! Dirisha linatazama barabara. Mwaka jana wezi walipitisha fimbo yenye ndoano kati ya vyuma, wakavua suruali tatu za wateja. Tangu siku ile nimelipigilia mbao. Anajua vizuri sana. Nyundo aliniazima yeye.

Ijumaa, 8 Novemba

Umerudi. Siku mbili tu! Madoa yaleyale, mahali palepale.

Muzee amekuja baada ya sala ya Ijumaa, kanzu nyeupe, mikono nyuma. Ameangalia. Akasema tatizo ni mimi. Ninanyunyizia nguo maji, ninapiga pasi ya makala ya moto kutwa nzima, dirisha nimeziba, sasa muvuke uende wapi? Kabla sijaingia nyumba hii ilikuwa kavu. Nikamuambia muvuke unapanda juu, na juu ni pakavu, aweke mukono aone. Akasema mimi ni fundi wa nguo, si fundi wa nyumba.

Tukaleta kontra ya kupanga nyumba. Yake na yangu, karatasi mojamoja, saini mbili chini. Imeandikwa: mwenye nyumba atatengeneza paa na nje, mupangaji atatunza ndani. Vizuri kabisa. Na ukuta je? Akasema ukungu uko ndani, basi ni wako. Nikasema maji yanatoka nje, basi ni yako. Akasema maji gani, maji yako wapi, mbona mimi sioni maji? Tukasimama pale, kila mutu na karatasi yake, tunasomeana mustari uleule, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Mama yake, Bibi Latifa, akatusikia ng'ambo ya ukuta, akauliza kama kuna msiba. Muzee akajibu hapana mama, ni imidite.

Nimecheka peke yangu alipoondoka. Lakini nguo ziko kwenye rafu, na rafu ilikuwa kwenye ukuta ule. Nimeihamishia ukuta wa upande. Chumba chenyewe kidogo, kuhama ni hatua tatu.

Jumapili, 10 Novemba

Musafiri amerudi kutoka Salamabila! Siku tatu njiani kwa ajili ya matope, pikipiki nyekundu imekuwa ya kahawia, na yeye vilevile. Amekula bugali na sombe ya majani ya muhogo sahani mbili kabla ya kusema neno. Halafu nikamuonyesha ukuta.

Akasema tuhame. Garantie yetu, pesa tulizoweka mwanzo, iko kwa Muzee, tuidai, twende. Nikamuambia sihami na nguo za harusi ya watu zimekatwa nusu. Ninahamia wapi na vitambaa vyote hivi, kwenye mvua? Akajikuna kichwa. Muchana akapotea, akarudi na kopo ya rangi ya mafuta, kijani, iliyobaki walipopaka duka la rafiki yake. Amevua shati, amepaka ukuta kutoka chini mpaka kifuani, tabaka mbili.

Unang'aa! Hakuna hata doa moja. Nimecheza mbele yake. Musafiri ni mutu wa maneno machache, lakini leo amejisifu mpaka akakohoa. Akasema anashangaa watu wanalia na ukungu na kumbe dawa iko dukani. Muzee hatukumuuliza. Ndani ni kwangu, si ndivyo alivyosema?

Kumi na nne tayari. Zimenyooka kweli.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeacha kushona, ninaandika kwanza.

Rangi imevimba. Malengelenge makubwa ukuta muzima, kama muguu wa mutu aliyemwagikiwa chai ya moto. Nimegusa moja, likapasuka, maji yakatoka na harufu mbaya. Basi maji yalikuwa ndani ya ukuta muda wote! Tumeyafungia njia, nayo yakatafuta njia nyingine. Yamepita kwenye kona mpaka ukuta wa upande. Na kwenye ukuta wa upande iko rafu.

Nguo nne. NNE. Madoa madogo meusi juu ya kijani, mugongoni na mikononi. Moja ni ya shangazi mukubwa, ile niliyoipima mara mbili.

Nimelia. Kwa hasira, si kwa huzuni. Nimezifua, nimezipaka ndimu na chumvi, nimezianika barazani, jua lenyewe linajificha. Nguo nyingine zote nimezilaza kitandani, kitanda chetu ndicho kikavu. Mimi nitalala kwenye mukeka. Musafiri ameshaondoka jana na abiria, hajui lolote.

Nilipomaliza kulia nikakaa sakafuni, nikauangalia ukuta. Kwa kweli sikuwahi kuuangalia, nilikuwa nausugua tu. Paa kavu. Juu kavu. Unyevu unaishia mahali pamoja, umejichora kama pindo la sketi. Nikachukua chaki yangu ya kukatia, nikafuata lile pindo kutoka kushoto mpaka kulia. Nikachukua sentimeta, nikaupima ukuta kama ninavyopima mutu. Kushoto 38. Katikati 52. Kulia 41. Nimeandika kwenye daftari la wateja. Jina la muteja: Ukuta.

Sijui kwa nini nimefanya hivyo. Lakini moyo umetulia.

Ijumaa, 15 Novemba

Hakuna mvua tangu juzi. Hata wingu.

Asubuhi katikati 53. Jioni 55.

Hakuna mvua na unapanda! Nimemupima huyu muteja Ukuta mara tatu. Yeye hadanganyi, na sentimeta haidanganyi.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimejua. Nimejua, nimejua!

Katikati 57. Siku tatu bila tone. Basi si mvua. Na si pasi, sijawasha makala tangu Alhamisi. Nikabandika sikio ukutani, palepale kwenye 57. Saa sita ilikuwa imepita kidogo, adhana imekwisha. Nikasikia: shwaa. Kimya. Shwaa. Kimya. Shwaa.

Nikazunguka, nikaingia ua wa Muzee kama mutu anayeazima kinu. Na nyuma ya ukuta wangu, nyuma ya katikati kabisa, kuna kiti cha simenti. Kidogo, kizuri, kimelainishwa. Bibi Latifa amekaa juu yake, birika mukononi, anatawadha. Maji yanateremka miguuni, hayana mufereji, yanaingia chini ya ukuta yanapotea. Matofali yenyewe mabichi, hayakuchomwa, yanakunywa tu. Mara tano kwa siku! Na Bibi si mutu wa kubana maji.

Nimemusalimia, nimemuuliza kiti hiki ni cha lini. Akakipapasa. Akasema alikuwa ameteleza kule kwenye mapipa ya maji, mwaka huu kabla ya Ramadani, akaumia nyonga. Basi Atumani akamujengea hiki karibu na mulango wake. Kwa mikono yake mwenyewe, hakuita fundi, alichanganya simenti akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Bibi alikisifu sana, mpaka mimi nikaona haya na sijamuambia kitu.

Nimerudi nikiruka. Ni nje! Maji ni ya nje, mustari wa kontra uko upande wangu, na ninazo namba zote, tarehe na saa!

Halafu nimekaa. Nitamuambiaje? Muzee, udhu wa mama yako unaozesha ukuta? Mimi, Mukristo wa Lusangi, mupangaji wake? Kinu chenyewe nimekisahau kule, sasa wanajiuliza nilikwenda kufanya nini.

Jumapili, 17 Novemba

Nimempigia Musafiri simu baada ya misa. Rezo ya simu huko Salamabila inakuja na kuondoka, nimeanza habari mara tatu. Mwishowe ameelewa. Akasema funga kinywa Régina, watasema tunapigana na sala. Nikamuambia sipigani na sala, ninapigana na maji. Akasema maji hayana ndugu katika muji huu, sala iko na ndugu wengi. Neno la kweli, ndiyo maana limenikasirisha.

Akauliza rangi yake inaendeleaje. Nikasema sikusikii, rezo mbaya.

Leo nimeikwangua yote. Maganda nimeyatupa chooni, moja moja. Muzee akiiona atasema tuliziba ukuta. Na hapa naweza kuandika: atasema kweli. Maji ni yake. Lakini kuyafungia ndani mpaka yakarukia nguo, hapo ni sisi. Nguo zilikuwa nzima tarehe kumi.

Sipendi ukurasa huu. Ishirini na mbili tayari, ukihesabu zile nne.

Jumanne, 19 Novemba

Hidaya amekuja kujaribu nguo yake, sikumutarajia. Amezikuta zile nne zimetundikwa. Mbili zimetakata, mutu hawezi kujua. Mbili, hapana. Ile ya shangazi mukubwa imebaki na madoa mugongoni, mahali watu wanapoangalia.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Amekaa kwenye kigoda, ameilaza juu ya mapaja, akauliza zilizobaki ziko wapi. Nimemuonyesha kitanda. Amezihesabu kwa kidole. Akasema shangazi yake ndiye atakayemupeleka kwa mume, atakuwa mbele ya wote. Nikasema nitashona upya hizo mbili. Akasema kitenge kile kimekwisha sokoni, walikifuata mpaka Kindu.

Saa kumi Muzee amekuja. Amesema kwa sauti ya chini, na hiyo kwake ndiyo mbaya. Keshokutwa shefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa wetu, atakuja kuamua. Na vitenge vyote, vilivyoshonwa na visivyoshonwa, vitakwenda kwa fundi Glody wa sokoni avimalize.

Glody! Glody anayetia zipu kichwa chini! Na sokoni kila mutu atauliza kwa nini nguo za Muzee Atumani zimehama, naye Glody atajibu kwa furaha: kwa Régina nguo zinaoza. Basi. Nifunge mashini nyuma ya pikipiki, nirudi nilikotoka.

Nimeshona tatu kwa hasira. Ndizo nzuri kuliko zote.

Alhamisi, 21 Novemba

Nianzie wapi! Polepole. Moja moja.

Kikao kilikuwa katika chumba cha mashini chenyewe. Shefu wa avenyu, Jean-Paul, mutu mupole anayevaa koti hata kwenye joto. Muzee. Hidaya. Mimi. Bibi Latifa amekuja pia, hakuna aliyemwita, amekaa mulangoni kwenye mukeka na tasbihi yake. Muzee akasoma kontra. Mimi nikasoma kontra. Shefu akauliza kama kuna mustari mwingine. Hakuna. Akasema basi aliyeiandika alifikiri nyumba haina ukuta.

Muzee akainama, akaona chini pembeni alama za kijani. Akauliza ni nini hiki. Nikasema ni rangi ya kitenge, ilitoka nilipofua. Uongo ulitoka mororo, hata mimi ulinishangaza. Akakubali.

Nikafungua daftari la wateja. Nikasoma. Ukuta: tarehe 14, 38, 52, 41. Siku tatu bila mvua, katikati 53, 55, 57. Shefu akaomba asome mwenyewe. Akauliza nani alinifundisha kupima ukuta. Nikasema ni kama mutu tu, akinenepa sentimeta inasema. Shefu akacheka. Muzee hakucheka. Shefu akasema vizuri, mama fundi, sasa maji hayo yanatoka wapi?

Nikanyamaza. Mimi! Neno liko kwenye ulimi, meno yamefunga. Nikamuangalia Bibi, naye anaangalia vidole vyake. Muzee akasema mumeona, hajui. Akaenda ukutani, akaweka kiganja, akasema hii ni baridi ya kawaida ya nyumba, hata kwangu iko.

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Wote tukatulia, mutu hasemi juu ya adhana. Bibi akashika mulango, akainuka, akatoka polepole. Adhana ikaisha, na hakuna aliyejua nani aanze tena kusema. Ndipo nyuma ya ukuta: shwaa. Kimya. Shwaa.

Kiganja cha Muzee kilikuwa bado pale. Nilimuona akisikia. Hakukiondoa. Alikaa hivyo mpaka maji ya mwisho, ya miguu, yale marefu. Shefu akaangalia dari. Hidaya akasema kwa sauti ndogo: Baba.

Bibi akarudi na mikono inadondoka maji. Hakwenda kusali kwanza, alisimama mulangoni. Akasema mimi nilijua. Tangu Ramadani ninaona maji yanaingia chini ya ukuta, hayatoki. Nilinyamaza kwa sababu mwanangu alikijenga kwa mikono yake, na sikutaka akivunje. Nilifikiri ukuta ni mugumu kuliko moyo wa mutoto. Mutoto! Muzee ana wajukuu sita.

Akaenda kusali.

Shefu ameamua kabla chai haijapoa. Nguo zote zihamie leo chumbani kwa Bibi, ndiko kukavu. Mimi nishone barazani kwake mpaka siku ya harusi. Muzee avunje kiti na achimbe mufereji. Hakuna cha Glody! Hakuna! Nilitaka kumukumbatia shefu, nimejizuia.

Lakini Muzee akasema mufereji atauchimba kwa ajili ya mama yake, si kwa sababu ana kosa. Nguo zilikabidhiwa fundi, zimeozea kwa fundi. Dada zake wakiuliza watajibiwa hivyo. Akatoka.

Mimi na Hidaya tumebeba mashini tukicheka kama wanafunzi, amenikanyaga mara mbili. Lakini neno la Muzee nimelibeba pamoja na mashini. Mufereji bila jina langu kusafishwa ni nusu. Kesho mashangazi saba wanakuja kujaribu nguo. Kesho wanauliza.

Ijumaa, 22 Novemba

Haraka. Niko chumba cha mashini, naandika nimesimama, daftari liko juu ya rafu tupu.

Mashangazi wamefika saa tisa, wote saba. Nguo zimewakaa! Kiuno mahali pa kiuno, bega mahali pa bega, mumoja wao amezunguka mpaka akapata kizunguzungu, akasema tangu aolewe hajavaa hivi. Nimekunywa sifa zote. Halafu shangazi mukubwa akaomba yake. Hidaya akaileta. Akaigeuza, akaona mugongo. Akauliza, hii imelala wapi?

Wote wakaniangalia mimi.

Muzee alikuwa palepale uani na sululu, amekuja kuvunja kiti. Akainua sululu kama hakusikia. Bibi Latifa akasema ngoja. Akaenda na fimbo yake, akakaa juu ya kiti. Bila birika, bila sala, amekaa tu. Akasema hatainuka mpaka Atumani aseme mbele ya dada zake nguo hii imeharibiwa na maji ya nani. Muzee akasema mama inuka, nitatengeneza. Bibi akasema sikukuuliza utatengeneza nini. Mashangazi wakasogea, kijani kila upande. Sululu ikashuka chini.

Mimi nikasema nafuata uzi, nikakimbia. Sikuweza kusimama pale. Sasa nasikia yote ng'ambo ya ukuta. Shangazi mukubwa anasema jua linazama na mama yetu yuko juu ya simenti, sema basi. Mutu anakohoa. Ni Muzee.

Amesema. Amesema! Ni mimi, nilijenga bila mufereji. Maji ni yangu, ukuta ni wangu. Fundi hana kosa hata moja.

Wanapiga vigelegele. Hidaya pia, sauti yake naijua. Jina langu liko safi kwa mashangazi saba, kesho litakuwa safi sokoni. Ndilo nililolitaka. Ninaruka peke yangu humu ndani, na machozi juu.

Hana kosa hata moja, amesema. Mbele ya mama yake.

Mbona siruki tena?

Bibi anauliza Régina yuko wapi, aje alisikie mwenyewe. Muzee anasema hapana, mimi ndiye nitakwenda kwake. Hatua zinazunguka ua. Ni nyingi, wanakuja naye wote. Anapiga hodi. Mwenye nyumba anapiga hodi kwangu.

Nafunga daftari. Nitaanza na habari ya rangi.